UZI: Kutembelea visiwa vya Mafia, Chole, Juani na Jibondo kwa kufuata maji na upepo

#1 Demani_na_Joshi

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya Mafia yamekuwa mengi na majibu yametapakaa kwenye nyuzi tofauti, basi tuyakusanye hapa. Wenye ujuzi waongezee, na penye kosa mrekebishe.

Nianze na linaloharibu safari za watu wengi. Mtu hupanga Mafia kama anavyopanga Mikumi: chai saa 2, kutoka saa 3, kurudi kula saa 7. Baharini ratiba hiyo haisimami. Ghuba ya Chole ina kina kifupi, imejaa mafungu ya mchanga na mikoko, na maji huingia na kutoka mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hubaki mita moja na kitu. Mahali ulipopita na mashua asubuhi, mchana watu wanaokota chaza. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya boti, uliza maji.

Jiografia kwa kifupi. Kisiwa kikubwa kina mji wa Kilindoni upande wa magharibi, ndiko kuna uwanja wa ndege, gati, benki, soko na hospitali ya wilaya. Utende iko kusini mashariki, mwendo wa nusu saa hivi kwa bajaji kwenye lami. Mbele ya Utende kuna Chole, kisiwa kidogo kisicho na magari. Nyuma ya Chole kuna Juani, kirefu, ndicho kinachokinga ghuba na mawimbi ya bahari kuu. Kusini zaidi kuna Jibondo, kisiwa cha mwamba mtupu, makao ya mafundi wa vyombo. Eneo hilo lote la kusini na mashariki limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, kilomita za mraba 822.

#2 Bungu_Njiapanda

Niongezee la kufika, maana watu wanapotea hapa.

Kwa ndege kutoka Dar ni nusu saa na kidogo. Ndege ni ndogo, za injini moja, na mzigo kwa kawaida ni kilo 15 pamoja na begi la mkononi. Beba begi laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii vizuri kwenye tumbo la ndege ile, na ndege ikijaa ndilo la kwanza kubaki kusubiri safari inayofuata. Dawa, miwani ya kuzamia na nguo za siku moja zikae mkononi.

Kwa barabara na bahari: Mbagala Rangi Tatu, Mkuranga, kisha Bungu, kabla hujafika Kibiti, ndipo unaacha barabara kuu ya kusini na kushuka hadi Nyamisati. Nyamisati imo ndani ya delta ya Rufiji. Chombo kinapita kwanza kwenye mto katikati ya mikoko, ndipo kinatokea bahari ya wazi kuvuka Mlango wa Mafia hadi Kilindoni. Mto ule una vina vifupi, hivyo vyombo vingi huondoka kwa kufuata maji na saa ya kuondoka husogea siku hadi siku. Ukiambiwa "kesho saa 2," uliza mara ya pili jioni ile ile kabla ya kulala.

Kuna kivuko cha MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi. Kuna pia mashua za mizigo zinazochukua abiria juu ya magunia, nyingine usiku. Hizo ziacheni, hata kama nauli ni ndogo. Sababu iko kwenye mdomo wa mto: maji yakiwa yanatoka kwa kasi na upepo unavuma kutoka baharini, viwili hivyo vinapigana na kuinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Chombo kilichojazwa hadi ukingo hakina mahali pa kupokea wimbi la namna hiyo. Kabla ya kupanda angalia mambo mawili: jaketi za kuokolea zipo na zinafikika (zisiwe zimefungiwa chini ya mizigo), na jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria.

#3 Mama_Wawili_Dodoma

Shukrani sana. Mimi niko bara, bamvua na maji mafu nayasikia tu. Mtu asiye na jedwali la maji anajuaje siku yake itakuwaje?

#4 Demani_na_Joshi

Swali zuri dada. Jedwali la bandari ya Dar es Salaam linatosha kabisa kwa kupanga, tofauti na Mafia ni ndogo. Usipokuwa nalo, tumia mwezi.

Shika saa hizi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hilo ni bamvua, na nguvu yake hufika kilele siku moja au mbili baadaye. Tarehe 8 na 22, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji hujaa karibu saa 4 na hupwa karibu saa 10. Hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kati ya hapo, ongeza wastani wa dakika 50 kwa kila siku. Mfano tarehe 5: siku nne mara dakika 50 ni dakika 200, yaani saa tatu na dakika 20. Maji yatajaa karibu saa 1 na dakika 20 usiku, na kupwa kwake kwa mchana kutakuwa karibu saa 7 na dakika 20. Kwa kweli siku za bamvua husogea polepole zaidi, dakika 35 hadi 40, na siku za maji mafu husogea zaidi ya saa nzima. Kosa la nusu saa kwenye hesabu hii ni la kawaida, kwa hiyo usiibane safari hadi dakika ya mwisho.

#5 Fungu_la_Marimbani

Hesabu ni sahihi mkuu. Niingize mahali na mahali, maana kila sehemu inataka maji yake.

Marimbani ni fungu la mchanga ndani ya ghuba. Maji yakijaa halionekani, yakifika nusu ya kupwa linaanza kutoa mgongo. Siku za bamvua unapata fungu kubwa, jeupe, lenye nafasi ya kutembea kwa saa kadhaa. Siku za maji mafu unaweza kupata kipande chembamba tu, au usikikute. Nenda maji yakiwa yanapwa na urudi yanapojaa. Hakuna kivuli hata cha jani moja, hivyo nguzo nne na turubai viingie botini tangu asubuhi, pamoja na maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu kwa nusu siku. Jua la juu likichanganyika na lile linalorudi kutoka kwenye mchanga humchoma mtu hadi chini ya kidevu.

Magofu ya Kua, upande wa magharibi wa Juani, yanataka kinyume chake. Unafika kwa kupita kando ya mikoko, na boti inataka maji ya kutosha. Ingia yakiwa yanajaa, toka kabla hayajaanza kukimbia. Sababu ni rahisi: ukikwama juu ya tope maji yakiwa yanajaa, subiri dakika 20 chombo kitainuka chenyewe. Ukikwama yakiwa yanapwa, utakaa hapo hadi maji mengine, kwa muda wa saa 6 au zaidi, na mbu wa mikokoni wakianza kazi jioni si jambo la kumtakia mtoto wa mtu.

Kua yenyewe ulikuwa mji wa mawe, una nyumba ya kifalme iliyokuwa na ghorofa, misikiti na makaburi. Uliharibiwa na wavamizi wa Kisakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mawe yake ni matumbawe yaliyochongwa na kushikizwa kwa chokaa, na sasa mizizi ya miti imeingia kwenye kuta na kuzitanua. Usipande ukutani kwa ajili ya picha. Jiwe la juu halijashikwa na chochote ila mzizi, na chokaa ile haina mbadala.

Chukua mwongozaji wa Juani hapo hapo kijijini. Anajua ipi ni sehemu ya ibada, maana bado kuna watu wanakwenda kufanya dua pale, na viatu vinavuliwa.

#6 Potwe_Kilindoni

Naona mmezama kwenye ghuba, nizungumzie upande wa magharibi.

Papa potwe, wengine humwita papa shilingi kwa yale madoa yake, huonekana mbele ya Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani na hali watu, anachuja dagaa, vijikamba na viumbe vidogo vya majini. Wengi wanaokuja hapa ni madume machanga. Yanawaleta maji yenye rutuba kutoka Rufiji, na hayo hayo ndiyo yanayofanya maji yawe na ukungu. Msitegemee kumwona kutoka mbali kama kwenye picha za Maldives. Mara nyingi unaona kivuli, halafu ghafla mdomo.

Namna ya kufanya vizuri: toka asubuhi na mapema, saa 12 na nusu au saa 1, upepo ukiwa bado umelala. Bahari ikiwa shwari nahodha anaona pezi la mgongo na mkunjo wa maji juu. Upepo ukishaamka, hata akiwa mita 50 humwoni. Muulizeni nahodha walikoonekana wavuvi wa dagaa usiku uliopita, kwa sababu potwe hufuata kitoweo kile kile.

Boti isimzibe njia. Impite kwa pembeni, iwe mbele yake kwa umbali, gia iwekwe huru, ndipo watu washuke taratibu kwa kuteleza bila kuruka. Kaa ubavuni mwake, mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, maana mkia ule ukikupiga ni kama umegongwa na mlango. Usimguse, usitumie mwanga wa kamera, usizamie mbele ya uso wake. Akizama, mwache. Boti mbili kwa samaki mmoja tayari ni nyingi.

Jambo moja la malipo: Kilindoni iko nje ya eneo la ile hifadhi ya Utende. Uliza tangu mwanzo bei uliyopewa inajumuisha nini, ili usijechanganya stakabadhi za huku na za kule.

#7 Stakabadhi_Mkononi

Kuhusu ada ya hifadhi: inakatwa kwa siku, na viwango vya raia, mkaazi na mgeni wa nje havilingani. Beba kitambulisho cha taifa au hati ya ukaazi, nakala ya simu isiwe tegemeo pekee. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki, na lango liko njiani kabla ya kuingia Utende. Kama utalala Utende siku nne lakini siku moja nzima utakuwa Kilindoni kwa potwe, eleza hilo langoni kabla hawajatoa namba ya malipo, siyo baadaye. Stakabadhi itunze hadi unaondoka, askari wa hifadhi wanaweza kuiomba hata mkiwa majini.

Fedha taslimu chukua Kilindoni. Chole, Juani na Jibondo mtandao wa simu hupatikana sehemu nyingi, lakini mama anayekuuzia chapati na pweza hana sababu ya kuhangaika na salio lako. Noti ndogondogo ndizo zinazofanya kazi.

#8 Ngama_Kavu

Wakuu, mtu aseme kuhusu Agosti. Watoto wanafunga shule Juni na tena Desemba, na wengine likizo yao ni Agosti. Binafsi namshauri mtu asiende miezi ya kusi (upepo wa kusini) kabisa.

#9 Kasa_wa_Juani

Hapo sikubaliani na wewe ndugu yangu, kwa heshima.

Kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba au Oktoba, na hukazana Juni hadi Agosti. Ni kweli nje ya ghuba bahari huchafuka, na potwe kwa kawaida hawaonekani. Lakini Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri ya kuona vifaranga vya kasa wakitoka Juani. Anayekwenda Desemba kwa ajili ya kasa atakuta mchanga.

Kasa wa kijani huja kutaga kwenye fukwe za Juani zinazotazama bahari kuu. Hufukia mayai mia moja na zaidi kwenye shimo moja, na baada ya siku 50 hadi 60 vifaranga hutoka. Walinzi wa viota kutoka vijijini, wakisaidiwa na shirika la Sea Sense, huandika tarehe ya kila kiota, kwa hiyo wanaweza kukadiria kipi kitapasuka wiki hii. Makadirio hayo hupishana siku kadhaa, maana mchanga wa baridi huchelewesha. Piga simu kuuliza siku mbili kabla, na kubali kubadilisha siku.

Safari yenyewe: boti kutoka Utende hadi upande wa ndani wa Juani, kisha kutembea kukatiza kisiwa, zaidi ya nusu saa, ukiwa na watoto ongeza muda. Njia ni ya mwamba wa matumbawe uliochongoka, kandambili haifai kabisa. Vaa raba. Kiota hufunguliwa jioni jua likishapoa. Simama nyuma ya kiota, siyo kati ya kiota na maji, na usikanyage njia yao, kwa sababu alama ya kisigino chako kwa kifaranga ni korongo. Usiwabebe kuwafikisha majini. Ule mwendo wa kujikokota mchangani ni sehemu ya maisha yao. Tochi zizimwe, maana hufuata mwanga na kupotea upande wa kichakani.

Kwa hiyo Agosti: kasa ndiyo, Chole ndiyo, ndani ya ghuba ndiyo, Kua ndiyo. Potwe na miamba ya nje, hapana.

#10 Ngama_Kavu

Nimekuelewa. Nilikuwa nafikiria bahari ya nje peke yake. Basi tuseme hivi: Machi mwishoni hadi Mei ndiyo ya kukwepa, masika yanapiga na nyumba nyingi za wageni hufunga.

#11 Kasa_wa_Juani

Hapo tuko pamoja.

#12 Mtungi_na_Mapezi

Kwa wazamiaji. Ndani ya ghuba, mwamba wa Milimani unazamiwa karibu mwaka mzima. Mlango wa Kinasi ndio unaoingiza na kutoa maji ya ghuba nzima, na hapo mkondo siku za bamvua si wa mchezo. Zamia maji yakiwa yanaingia. Yanaleta maji safi ya bahari kuu, na mkondo ukikuchukua unakupeleka ndani ya ghuba. Yakiwa yanatoka unapata ukungu wa mikoko na ukikosea unasukumwa baharini. Mwanafunzi aanze siku za maji mafu. Nje ya mlango, kama Dindini, subiri kaskazi (upepo wa kaskazini), takriban Novemba hadi Machi.

Mafia haina chemba ya kutibu ugonjwa wa wazamiaji, iliyo karibu ni ya Unguja, nayo ni mwendo wa ndege. Hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuzamia kwa tahadhari zaidi kuliko kawaida: kina kifupi zaidi ya kile unachoruhusiwa, kusimama dakika 3 kwenye mita 5 unapopanda juu, maji mengi ya kunywa. Na baada ya mzamo wa mwisho ngoja saa 18 kabla ya kupanda ndege, 24 ni bora. Ndege kuruka chini hakuondoi sharti hili.

Anayetumia miwani na mrija tu hahusiki na hayo ya mitungi, lakini ya mkondo yanamhusu. Kabla ya kushuka, tupa kipande cha jani kavu majini na uangalie linavyokimbia. Likikupita kwa mwendo wa mtu anayetembea, hutaweza kulishinda kwa mapezi. Hapo boti ifuate watu, isiwe watu kuirudia boti.

Kuna mtu ataona matumbawe yaliyokufa kwenye baadhi ya miamba na kushangaa. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi sana Mafia, pamoja na Tutia kule kusini mwa Jibondo, na uvuvi wa baruti ulikuwa umeshaumiza mengine kabla ya hapo. Yanayorudi yanakua polepole mno. Pezi moja linavunja kazi ya miaka. Tafadhali wakuu, msisimame juu ya mwamba kurekebisha miwani. Laleni chali, boya linawabeba.

#13 Mama_Wawili_Dodoma

Sasa nimeanza kuona picha. Tunafika Jumamosi mchana, mwanzoni mwa Februari, na mwezi utakuwa mpevu siku hiyo hiyo. Tunaondoka Jumatano kwa ndege. Watoto wana miaka 9 na 12, wanajua kuogelea kidogo. Tunataka potwe, Chole, fungu la mchanga na Kua. Naomba mnipangie.

#14 Fungu_la_Marimbani

Umepata bamvua dada, ni bahati kwa fungu.

Jumamosi pumzikeni Utende. Tembeeni ufukweni, ulizeni nahodha, msilipe fedha yote kabla ya safari.

Jumapili alfajiri nendeni Kilindoni kwa potwe. Maji yatapwa karibu saa 4 na dakika 40, kwa hiyo pandeni botini saa 1 kabla ufukwe haujakauka. Watoto wavae jaketi za kuokolea hata wakiwa majini, na kila mtoto awe na mtu mzima wake. Rudini Utende, kula, kulala kidogo. Saa 9 vukeni kwenda Chole, maji yakiwa yanakaribia kujaa na boti inafika karibu kabisa. Kaeni hadi jioni.

Jumatatu ni Marimbani. Kupwa kutakuwa karibu saa 5 na robo. Ondokeni Utende saa 2 na nusu, kabla ya maji ya ufukweni kukimbia, la sivyo mtatembea kwenye tope na majani ya bahari hadi mtakapoikuta boti. Rudini saa 8 maji yakipanda.

Jumanne Kua, alasiri. Kujaa ni karibu saa 12 jioni. Ingieni saa 9, tokeni saa 11, mna nafasi ya kutosha pande zote mbili. Asubuhi yake iacheni wazi: kama Jumapili potwe hawakuonekana au bahari ilichafuka, ndiyo siku yenu ya akiba. Safari isiyo na nusu siku ya akiba Mafia ni kamari.

#15 Popo_wa_Chole

Hapo kwenye "kaeni hadi jioni" ndipo penye utamu wenyewe, msiondoke saa 11.

Chole wako popo wakubwa wanaokula matunda, jamii ambayo kwingine inapatikana Komoro. Mchana wananing'inia kwenye miti mikubwa, wakijipepea kwa bawa moja. Jua likizama huanza kuondoka kwa makundi kuvuka kwenda kutafuta embe na maua kisiwa kikubwa. Tazameni karibu na maji: mmoja mmoja hushuka, hugusisha kifua kwenye bahari bila kusimama, hupanda tena, kisha hurudi kwenye tawi na kulamba manyoya yaliyolowa. Msipige makofi wala kurusha mawe ili waruke mpate picha. Wakisumbuliwa mchana hutumia nguvu waliyoihifadhi, na wenye watoto kifuani huweza kuwadondosha.

Kabla ya hapo pitieni majengo ya zamani. Chole palikuwa makao ya utawala wa Wajerumani kabla hawajahamia Kilindoni, ambako meli zilipata kina. Gereza na nyumba za mawe bado zimesimama, mizizi ya mitini ikiwa imezikumbatia.

Kuvuka kuna mashua za wenyeji kutoka Utende, dakika 10 hadi 15, nauli ni ndogo. Mwisho wake si saa ya kudumu, kwa hiyo mkitaka kubaki hadi popo watoke, kubalianeni na nahodha mapema awasubiri, na boti iwe na taa. Mavazi: kijijini bega na goti vifunikwe, kina mama wawe na kanga ya ziada. Salamu kwanza, picha baadaye, na mzee anaamkiwa kabla ya kuulizwa njia.

#16 Foromali

Jibondo mmeipita haraka. Kisiwa hakina maji baridi ya kutosha, visima vyake vina chumvi, na watu hutegemea ya mvua na yanayoletwa na vyombo. Mgeni asiombe maji ya kunawa miguu. Beba lita 3 kwa kila mtu na rudi na chupa zako.

Cha kuona ni mafundi. Wanajenga mashua na majahazi ufukweni bila ramani ya karatasi, kwa jicho na kamba. Tazama kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasokotwa na kugongwa kwa patasi butu kati ya mbao na mbao. Ikigongwa legelege chombo kitavuja, ikigongwa kupita kiasi ubao unasukumwa nje. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikaa nusu saa ukiuliza maswali, acha kitu cha chai.

Upepo wa kwenda: Jibondo iko kusini. Wakati wa kaskazi tanga linakupeleka vizuri, kurudi ndiko kwa kubisha (kwenda kombokombo dhidi ya upepo), unaweza kutumia mara mbili ya muda. Wakati wa kusi ni kinyume. Kodi chombo chenye tanga na mashine, na hakikisha mafuta. Mashine ya nguvu farasi 15 ikikazwa hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. Gawa theluthi: moja kwenda, moja kurudi, moja haiguswi. Kabla ya kuondoka tazama ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo): ikiwa na maji mengi chombo kikiwa kimetulia tu, kitakuwa na mengi zaidi kikianza kupigwa. Kata ya kufulia maji iwepo, nanga iwe na kamba yake, na upondo (mti mrefu wa kusukumia chombo) usiachwe ufukweni.

Sehemu nyingine za mwamba hufungwa kwa muda ili pweza wakue, kwa makubaliano ya wanakijiji. Ukiambiwa pale hapakanyagwi, hapakanyagwi hata kwa picha.

#17 Mama_Wawili_Dodoma

Mungu awabariki. La mwisho: watoto wakichomwa na kitu majini tunafanya nini?

#18 Mtungi_na_Mapezi

Wavae viatu vya majini na waburute miguu wanapotembea kwenye mchanga wenye maji. Taa hujifukia, akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Akichoma taa au samaki wa jiwe, lowesha mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, kama digrii 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, maana joto hupunguza makali ya sumu. Mtu mzima ajaribu maji kwa mkono wake kwanza, mtoto mwenye maumivu haoni anavyoungua. Kisha Kilindoni hospitali, hasa mwiba ukiwa umebaki ndani au umeingia tumboni au kifuani. Usiuchimbe mwenyewe.

Miiba myeusi ya wale viumbe wa mviringo wanaokaa kwenye mwamba huvunjika ikivutwa. Toa inayoshikika kwa kibanio, osha, iliyo midogo mwili huimaliza. Konyeza (kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha): toka majini, ondoa nyuzi kwa kibanio au ukingo wa kadi, osha kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga.

Chupa ya chai yenye maji ya moto iingie botini kila siku. Watu huibeba kwa ajili ya kahawa, ila mtoto akikanyaga taa kule Marimbani, saa nzima kutoka jikoni, ndiyo dawa pekee mtakayokuwa nayo.